Mwalimu Aliyebaki na Vitenzi

Shule ile ya kutwa, nje kidogo ya mji wa Bungoma, ilikuwa na walimu wawili wa Kiswahili, na kwa miaka tisa wawili hao walikuwa wamebishana jambo lile lile. Khairunisa Mohamud alishikilia kwamba sentensi huanza na nomino. Barasa Wakonyo alishikilia kwamba sentensi ni kitenzi, na mengine yote ni mapambo. Walibishana wakati wa chai, wakabishana wakisahihisha mitihani, na walimu wa hesabu walizoea kuhama meza kila walipoona mmoja wao anageuza karatasi ili achore matawi ya sentensi mgongoni mwake.

"Mwarimu," Barasa alikuwa akimwambia, maana ulimi wake wa Kibukusu ulibadilishana l na r ulivyopenda, na Khairunisa alikwishakata tamaa ya kuurekebisha, "mtu akisema 'Nimeshiba,' unataka nini tena? Si amemariza kusema?"

"Nataka kujua nani ameshiba."

"Si ni yeye, bana! Yumo humo ndani. Hiyo 'ni' ni nani?"

"Hicho ni kivuli chake. Kwanza awepo mtu, Barasa, ndipo atende. Mungu alipomuumba Adamu alimfundisha majina ya vitu. Hakumfundisha vitenzi."

Hapo Barasa, aliyekuwa mzee wa kanisa, alikuna kichwa. Biblia yake nayo ilisema Adamu ndiye aliyewapa wanyama majina.

Khairunisa alikuwa mtoto wa Kitale, mtaa wa karibu na msikiti, ambako Wasomali, Wanubi na watu wa pwani walioletwa na biashara waliishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ndani ya nyumba. Alikinyonya pamoja na maziwa. Alipokuja kufundisha Bungoma akakuta kila kitu ni "i": kiti imevunjika, maji imemwagika, watoto zimefika. Alikasirika mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili akaamua kupigana. Mwanafunzi aliyesema "kiti yangu" alisimama hadi akumbuke kwamba kiti ni chake, si yake. Walimwogopa, na walipofika vyuoni walimshukuru. Mumewe alikuwa amefariki zamani, akamwachia binti mmoja, Nasro, ambaye mwaka huo wa 2004 alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu mjini Eldoret.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi Machi, kipindi cha pili, Kidato cha Tatu. Khairunisa alikuwa ameandika ubaoni, kwa maandishi yake makubwa yaliyonyooka, kwamba sentensi ni kundi nomino likifuatwa na kundi tenzi. Alikuwa anachora tawi la kwanza chaki ilipomponyoka. Akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umening'inia kama wa mtu mwingine.

"Niokoteeni," aliwaambia wanafunzi.

Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Tuokote nini, Mwalimu?"

Alikijua kitu chenyewe. Alikiona pale sakafuni, cheupe, kimevunjika vipande viwili. Aliingia akilini kulichukua jina lake, akakuta mahali pake patupu. Alijaribu tena. Darasa lote lilikuwa likimtazama, kisha sakafu ikainuka upande mmoja, na wanafunzi wawili wakamdaka kabla hajaifikia.

Mwalimu mkuu, Bwana Kimaiyo, alimpakia kwenye pikapu yake mwenyewe, akampeleka Lugulu, hospitali ya misheni. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kimegonga upande wa kushoto wa ubongo, upande unaoshika ulimi na mkono wa kulia. Kwa siku mbili alilala kama gogo. Siku ya tatu alifungua macho akiwa na akili zake zote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu akili zilikuwepo ila maneno yalikuwa yamepungua nusu.

Wahudumu waligundua hilo saa za kuona wagonjwa zilipokaribia. Khairunisa alipeleka mkono wa kushoto kichwani, akakuta nywele zake ziko wazi, na wodi inajiandaa kupokea wanaume na wanawake wa kila aina. Alimwita mhudumu aliyekuwa akipita.

"Kilete."

Mhudumu akamletea kikombe cha maji.

"Sicho. Kimevuliwa. Kirudishe."

Mhudumu akamletea kitabu kilichokuwa mezani, kisha akamletea uji. Khairunisa alipiga godoro kwa ngumi yake moja nzima. "Sicho! Kimevuliwa! Nani amekivua?"

"Huyu mama anasema nini?" mhudumu alimwuliza mwenzake. "Ati kimefanya hivi, kimefanya vile. Hasemi ni nini."

Muuguzi mmoja kijana alikuwa anaandika joto la mgonjwa wa kitanda cha pili. Aliinua kichwa, akaja, akachuchumaa karibu na mto.

"Mwalimu, unanikumbuka? Ni mimi Nabwile. Ulinifunza mpaka Kidato cha Nne, nikamaliza mwaka wa tisini na saba." Aliongea polepole. "Umesema ki. Hujasema i. Hawa hawasikii tofauti, juu hapa sisi wote tunasema 'ilete' hata kama ni ng'ombe. Lakini wewe hujawahi kutaja ngeli ovyo. Ni kitu cha KI-VI?"

Khairunisa alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali.

"Kinavaliwa?"

"Kinavaliwa."

"Kiatu?"

"Sicho. Kinafunika."

Nabwile alimtazama kichwani, akashika mdomo. "Kitambaa! Ngai, Mwalimu, kitambaa chako!" Kilikuwa kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko chini ya kitanda, pamoja na viatu. Alimfunga yeye mwenyewe, akaingiza ncha zake vizuri nyuma ya masikio. Khairunisa aliushika mkono wa yule msichana, asiuachie upesi.

Kwa hiyo Kimaiyo na Barasa walipoingia, walimkuta amejistiri. Walikuwa wamebeba ndizi na maziwa. Aliwatambua wote wawili, aliujua hata ukoo wa kila mmoja, ila majina hayakuja.

"Mmekuja," alisema. "Asante... kaeni."

Barasa alikaa, macho mekundu. Hakuweza kuvumilia kumwona anahangaika. Kila Khairunisa alipokwama, alimrushia maneno kama mtu anayemrushia kuku mahindi. "Unataka maji? Dirisha? Shuka? Mto?"

"Usinimalizie!" Khairunisa alisema, na hilo lilitoka safi bila kukwama.

Kimaiyo alisimama miguuni pa kitanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule ya kuendesha na mtihani wa taifa mbele yake. "Mwalimu apumzike tu," alisema, lakini alikuwa anamwambia Barasa. "Tutatafuta mtu ashikilie hizo darasa. Hii ugonjwa si ya kuharakisha. Pengine hata kazi ya kusimama mbele ya watoto, sasa..."

"Nitarudi," Khairunisa alisema.

Wanaume wote wawili walimuaga. Walipokwisha kuondoka, Nabwile alikuja kupima presha. Akasema, akificha tabasamu, "Mwalimu, hiyo 'Nitarudi' yako ni sentensi?"

Khairunisa alimtazama, na polepole akakumbuka. Mtihani wa muhula, miaka minane nyuma: tunga sentensi kamili. Msichana huyu aliandika neno moja, "Nitarudi," na yeye akalikata kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: Nani? Kundi nomino liko wapi? Sifuri.

Alicheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, mate yakamtoka, na Nabwile akamfuta akicheka naye.

Mwezi Aprili alihamishiwa Kitale, kwa mama yake. Bi Fadumo alikuwa na miaka sabini na kitu, mdogo wa umbo, na alikuwa akiuza viungo vya pilau na kahawa ya tangawizi barazani kwake. Hakuwahi kuingia shule ya serikali hata siku moja. Alimtazama bintiye alivyoshushwa kwenye gari, akasema, "Mara ya kwanza ni mimi niliyekufundisha kusema. Ya pili nitakufundisha mimi vilevile. Na sasa nina uzoefu."

Njia yake ilikuwa ya kikatili kidogo. Alificha vitu. Khairunisa alitaka chai, na sukari ilikuwa imetoweka. Alitaka kufagia kwa mkono wake wa kushoto, na pembe ya ukuta ilikuwa tupu. Bi Fadumo alikaa kwenye mkeka akipeta iliki, asiinue macho.

"Omba."

"Nipe."

"Nikupe nini? Nyumba hii ina vitu mia."

"Ninafagia... ninafagilia..." Alisimama katikati ya ua, jasho likimtoka, akilifuata lile neno kama mtu anayefuata kamba gizani. "Fagia. Fagi... Ufagio!"

"Huo hapo," Bi Fadumo alisema, akautoa chini ya kanga. Hakupiga makofi. "Kesho kingine."

Siku ile Khairunisa hakulala mchana kama alivyoagizwa. Alikaa kitandani akiwaza. Ufagio ulikuja kwa sababu kufagia kulikuwapo. Alijaribu: kufunika. Kifuniko. Kuziba. Kizibo. Kuchuja. Chujio. Kukaanga. Kikaango. Yote yalikuja, yakifuatana kama vifaranga nyuma ya mama yao. Akajaribu kile alichokalia. Hakikuja. Akajaribu kile cha kuingilia chumbani. Hakikuja. Yale majina yaliyozaliwa na kitenzi yalikuwa na mama wa kuyarudisha. Yaliyojizaa yenyewe yalikuwa yamepotea.

Alimwomba mama yake daftari, kwa kusema "nitaandika, nitaandika," na akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa kubwa na za kulala kama za mtoto wa chekechea. Aliandika vitenzi, na mbele ya kila kitenzi akaweka alama za wanaohitajika ili kitendo kitimie. Lala ilikuwa na alama moja: anayelala. Pika, mbili: anayepika na kinachopikwa. Pa, tatu: anayetoa, anayepokea, na chenyewe kinachotolewa. Aliendelea wiki nzima. Ilimjia kwamba kitenzi hakiji mikono mitupu. Kinakuja na viti vyake, na kila kiti kimetiwa alama ya anayestahili kukikalia: a, ki, u, li, i. Yeye alikuwa amepoteza wakaaji tu. Viti vyote vilikuwa palepale.

Basi akaanza kazi kutoka upande huo. Hakulitafuta tena jina moja kwa moja. Alikishika kitenzi kwanza, akauliza kinamwita nani, wa ngeli gani, anafanya nini, anafanywa nini, mpaka duara linakuwa dogo na jina linakosa pa kujificha. Kwa jina la mlango ilimchukua siku nne: unafungwa, unafunguliwa, unabishwa, unagongwa, unaingiwa. Siku ya nne alikuwa anachambua mchele alipolisema ghafla, "Mlango," kisha akainuka akaenda kuushika, asije akalipoteza tena.

Mwili ulikuwa na safari yake. Mguu ulirudi kabla ya mkono. Kula kwa mkono wa kushoto kulimwia vigumu mno, si kwa uzito bali kwa haya, mpaka Bi Fadumo alipomkemea, "Dini haikumtwika mgonjwa asichokiweza. Kula, upone, kisha utakula kwa mkono uupendao."

Agosti, Nasro alikuja likizo. Alikuwa amepiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa mama yake alikuwa amesema, "Unasomaje? Unakula? Umepona?" bila kumwita. Sasa alikuwa amesimama mbele yake, mrefu, mwenye kidevu cha baba yake, akisubiri. Khairunisa alimkumbatia. Alifungua mdomo, akaufunga. Siku nzima alimwita "wewe," na Nasro aliitikia kila mara "naam, mama," kwa sauti ile ile, kana kwamba "wewe" ndilo jina alilopewa. Jioni Khairunisa alikwenda jikoni akalia. Nomino nyingine zote angezingoja mwaka. Hii hapana. Na hii haikuwa na kitenzi cha kuishika.

Bi Fadumo alimfuata, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, cha kukunia nazi.

"Siku uliyojifungua mtoto huyu," alisema, "unakumbuka?"

"Nilitokwa. Nilitokwa mno. Nilizimia."

"Damu ilikutoka mpaka tukasema umekwenda. Shehe akaja akakusomea. Mwenyezi Mungu akafanya nini?"

"Akani... akaninusuru."

"Ehe. Akakunusuru. Na baba yako, mzee Mohamud, akasema mtoto huyu jina lake lisitoke mbali. Akamwitaje?"

"Nusuru," Khairunisa alisema. "Nusura. Nus..." Alishika ukingo wa meza. Vidole vya mkono wake mgonjwa, vilivyokuwa havijasogea tangu Machi, vilijikunja kidogo. "Nasro. Nasro! Nasro!"

Nasro alikuja mbio kutoka uani, akidhani ameanguka.

Kesho yake jina lilikuwa limepotea tena. Khairunisa hakulia. Alirudi kwenye kunusuru, akapita njia ile ile hatua kwa hatua, akalikuta palepale. Alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya chai, kama nyiradi za baada ya sala, hadi mwisho wa likizo njia ilikuwa imekanyagwa vya kutosha kupitika bila kuangalia chini.

Barua ya bodi ya shule ilifika Novemba. Iliandikwa kwa adabu. Ilimpongeza kwa miaka yake ya kazi, ikamtakia afya, ikasema kwamba kwa kuzingatia hali yake bodi ingependekeza astaafu mapema, na ikamwomba ajibu kwa maandishi. Nasro aliisoma kwa sauti. Bi Fadumo aliguna.

Khairunisa alichukua karatasi, akakaa nayo kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Alichoandika kilikuwa na mistari mitatu:

Nimesoma.
Sijakubali.
Nitakuja.

Chini yake alilinakili jina lake kutoka kwenye kitambulisho, herufi moja baada ya nyingine.

Januari 2005 alifika Bungoma akitembea kwa mkongojo. Kimaiyo alimpokea ofisini, barua ile ikiwa mezani. Alikuwa ameionyesha kila mtu. "Mwalimu," alisema, "nitasema ukweli. Bodi imegawanyika. Wengine wanasema unaonewa, wengine wanasema watoto wataumia. Mimi nimewaambia tusibishane kwa maneno. Ingia darasani. Kipindi kimoja. Mimi, Barasa, na mjumbe mmoja wa bodi tutakaa nyuma. Tutaona."

"Ninaingia sasa?"

"Hata kesho, kama unataka kujitayarisha."

"Ninaingia sasa."

Lilikuwa darasa la Kidato cha Pili, wanafunzi arobaini na sita ambao hawakuwahi kufundishwa naye. Alisimama mbele yao. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa bado umelegea, na mvulana mmoja nyuma alimnong'oneza mwenzake kitu kwa Sheng, wakacheka. Khairunisa alisubiri wamalize.

"Niliugua," alisema. "Nikasahau. Si kila... Sikusahau kutenda. Nilisahau yanayoita. Yanayotaja."

"Majina, Mwalimu?" msichana mmoja aliuliza.

"Hayo. Nikikwama, nitaeleza. Nyinyi mtanitajia. Mkikosea, tutarudia." Aliinua mkono wa kushoto, mtupu. "Inaandika. Imekwisha. Nileteeni."

"Chaki!" walipiga kelele.

"Nyingi?"

"Zinaandika! Zimekwisha!" mmoja alisema, na wenzake wakashangilia.

Aliandika ubaoni neno moja, likapinda kama barabara ya kupanda Cheptais: Nitampelekea.

"Wamo wangapi?"

Walibishana. Kimutai, aliyetoka Cheptais kwenyewe, alisema mmoja. Mwingine akasema wawili: mimi, na huyo anayepelekewa. Khairunisa aliwaacha wagombane. Ndipo yule msichana wa kwanza, aliyeitwa Nakhungu, mtoto wa mkulima wa Tongaren, alisimama akasema, "Watatu. Kuna kitu kinapelekwa. Haijatajwa..." akajishika, "hakijatajwa, lakini kipo. Hauwezi kumpelekea mtu hewa."

"Ninapeleka nini?"

"Mahindi!" "Kuku!" "Salamu!" "Barua ya mapenzi!" Darasa likavunjika kwa kicheko.

Khairunisa aligonga ubao. "Vyote vinafaa. Kimeita, mmeona? Kimewaita watatu. Lakini anayekuja, hakimjui." Alitafuta neno, akalizunguka, likakataa, akaliacha, akashika kifua. "Nilikuwa nikisema. Nikiita. Nina binti, nilimwambia njoo, akaja. Lakini nilikuwa sijamwita. Mnaelewa? Kitenzi kinaita. Nomino inaitika. Ukikosa kimoja, unaishi. Lakini unateseka."

Hakuna aliyecheka tena. Aliwapa zoezi la sentensi kumi, akapita kati ya madawati akiwaegemea mabega badala ya mkongojo.

Kipindi kilipokwisha, mjumbe wa bodi alitoka akisafisha miwani. Kimaiyo alibaki mlangoni. "Utachukua Kidato cha Kwanza na cha Pili," alisema. "Vipindi kumi na viwili kwa wiki, si zaidi. Tutaangalia baada ya mwaka." Kisha akaongeza, polepole, "Na fasihi itabaki kwa Barasa."

Hilo lilimchoma. Aliipenda fasihi kuliko sarufi, ingawa hakuwahi kukiri hivyo mbele ya Barasa. Lakini riwaya moja ina wahusika ishirini, na kila mhusika ana jina lisilotokana na kitenzi chochote. Alijua Kimaiyo amesema kweli. Aliinamisha kichwa akakubali, na ndilo jambo pekee alilolikubali siku ile bila kupigana.

"Kwa hivyo umehamia upande wangu," Barasa alimwambia wakielekea ofisini mwa walimu. Alikuwa akitembea taratibu ili alingane naye, akijizuia kwa shida asimshike mkono. "Umesema mwenyewe, kitenzi ndiyo kinaita."

"Nusu," alisema Khairunisa. "Nimehamia nusu."

Mwaka ule ukapita, na uliofuata. Majina mengine yalirudi, mengine hayakurudi kamwe. Wanafunzi wake walijifunza kutaja vitu kwa haraka na kwa ngeli zake, kwa kuwa mwalimu aliyesema "limeanguka" hakukubali kuletewa kitu cha ngeli nyingine, na ikatokea kwamba mtoto wa Kidato cha Pili katika shule ile ya kutwa alisahihisha Kiswahili cha mjumbe wa bodi siku ya wazazi, akakodolewa macho na mama yake. Nabwile alipita mara moja moja akitoka zamu Lugulu, akampima presha papo hapo ofisini mwa walimu, akamgombeza kwa ajili ya chumvi anayokula.

Asubuhi moja mwaka 2006 alikuwa anafundisha Kidato cha Pili aina za sentensi. Alikuwa amefika pale anapopapenda, anapowaonyesha kwamba neno moja tu, likiwa kitenzi, linaweza kubeba sentensi nzima, na kwamba nomino peke yake haiwezi. Nakhungu, ambaye sasa alikuwa Kidato cha Tatu, alikuwa ameomba ruhusa aketi nyuma katika kipindi hicho, kwa sababu mwalimu wao alikuwa amekwenda semina. Aliinua mkono.

"Mwalimu, hapo sikubali."

"Sema."

"Juzi tulikuwa tunavuna mahindi kule kwetu. Ndugu yangu akapiga kelele, 'Nyoka!' Hiyo tu. Sisi wote tukaruka. Hakuna mtu aliuliza nyoka amefanya nini. Tulikuwa tushaelewa, hata mbwa alielewa. Sasa hapo kitenzi kiko wapi?"

Darasa liligeuka kumtazama Mwalimu. Khairunisa aliweka chaki chini. Alijaribu jibu la kwanza kichwani, akaliona lina tundu. Akajaribu la pili. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu amkwamishe kwa hoja badala ya jina, na damu ilimpanda usoni, upande ule mzima na upande ule uliolegea.

"Sijui," alisema. "Rudia. Nyoka alikuwa wapi? Ndugu yako alikuwa anatazama wapi? Alinyoosha kidole?"

"Hakunyoosha, Mwalimu. Alikuwa amebeba gunia."

"Basi alisemaje? Sauti ilipanda ama ilishuka?"

Nakhungu alisimama juu ya dawati ili aonyeshe, akavuta pumzi, akapiga ile kelele kama ilivyopigwa shambani. Wanafunzi wa darasa la jirani walitoka mbio. Khairunisa alichukua chaki, akageukia ubao, akaandika neno lile moja, Nyoka, katikati yake, peke yake, bila tawi, akalizungushia duara, akaanza upya.